Kitufe cha Start: ubishi uliozunguka dunia mpaka ukatufikia Singida

Leo naomba tuwaache mastaa wapumue kidogo, za nani kaachana na nani zitasubiri. Nina stori ya historia, na imenijia nikiwa nimekaa kwenye benchi la steshenari moja pale Ipembe, Singida mjini, nasubiri karatasi zangu ziskaniwe.

Mbele yangu jamaa wawili walikuwa wanabishana utadhani Simba na Yanga. Mmoja anasema Windows 10 imeshafika mwisho, tangu tarehe 14 Oktoba 2025 haipewi tena marekebisho ya usalama ya kawaida, kwa hiyo watu wahamie 11. Mwenzake hataki hata kusikia. Anasema kwenye 11 wameichukua Start, wameitoa kwenye kona yake ya siku zote, wameikalisha katikati kama bibi harusi. Benchi zima tukacheka.

Dada mwenye steshenari hakucheka. Alinitazama mimi. Nilijua anakumbuka nini, na nitafika huko, ila kwanza turudi nyuma, maana ubishi huu ni mkubwa kuliko sisi.

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Ilikuwa ICT 1500, dude la kujaza chumba, kazi yake mahesabu ya serikali. Haikuwa na kipanya wala picha, na hakuna mtu wa mtaani aliyeigusa. Kisha mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni nazo zikamo humo humo, mpaka upate kibali cha Hazina. Wazee wetu waliona nchi changa ina mambo ya kufanya na fedha za kigeni kuliko kununua mashine. Unaweza ukawalaumu, unaweza ukawaelewa. Mimi nikikumbuka bei ya mashine hizo enzi zile, nawaelewa nusu.

Lakini angalia kilichotokea upande wa pili wakati mlango wetu umefungwa. Mwaka 1973, mwaka mmoja tu kabla ya marufuku yetu, watafiti wa Xerox kule California walitengeneza kompyuta iliyoitwa Alto, yenye madirisha kwenye skrini na kipanya cha kuyaendesha. Mwaka 1984 Apple wakatoa Macintosh. Mwaka 1985 Microsoft wakatoa Windows ya kwanza. Miaka yote hiyo wenzetu wanabishana: kitufe kikae wapi, dirisha lifungwe kulia au kushoto, picha ya pipa la taka iwepo au isiwepo. Sisi hatukuwemo kwenye huo mkutano. Marufuku ilipolegezwa na mambo kufunguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, tuliingia nyumba ambayo fenicha zilishapangwa.

Halafu tarehe 24 Agosti 1995 ikatoka Windows 95. Hapo ndipo kikazaliwa kile kitufe chini kushoto, kimeandikwa Start. Na wadau, msidhani watu walikipokea kwa vigelegele tu. Waliozoea Windows 3 walilalamika kwamba vitu vyao vimefichwa ndani ya menyu. Wengine waliuliza swali ambalo halijapata jibu zuri mpaka leo: kwa nini ukitaka kuzima kompyuta unabonyeza sehemu iliyoandikwa "anza"?

Sisi hatukuuliza. Kwa Watanzania wengi hiyo Start ndiyo ilikuwa kompyuta yenyewe, hatukuwahi kuona nyingine.

Singida ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 bado ilikuwa na wapiga chapa wa mashine za mkono. Unapeleka barua yako, mama anapiga ta-ta-ta-ta-ting, akikosea anachukua ile rangi nyeupe. Kompyuta zilipoanza kuingia kwenye steshenari, nyingi zilikuja na Windows XP, iliyotoka Oktoba 2001. Ukiwasha unakutana na ile picha ya kilima cha kijani na mawingu. Nilimsikia mtu akiapa kabisa kwamba ni Mufindi, amepita hapo na basi. Ukweli picha ile ilipigwa California mwaka 1996 na mpiga picha Charles O'Rear. Kwa mkoa wetu wa mawe, upepo na alizeti, kilima cha kijani namna ile kilikuwa kama ndoto, acha watu waote.

Sasa hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu wengi wanaoandika mambo haya wanaruka. Wapiga chapa wetu waliijifunza kompyuta kwa mahali, hawakuisoma. Kiingereza cha kwenye menyu wengi hawakuwa nacho, na hawakukihitaji. Dada niliyemtaja hapo juu alifundishwa na mwenzake kwa wiki mbili, na mafunzo yenyewe yalikuwa hivi: bonyeza kona ya chini, panda juu, ya tatu, ingia kulia, ile yenye herufi ya bluu. Kuhifadhi: kidiski cha bluu. Kuprinti: ile picha ya pembeni yake. Ukimwuliza "Print Preview" ni nini hakujibu, lakini mkono wake ulikuwa unafika hapo kabla hujamaliza kuuliza. Alitaipu mikataba ya viwanja, risala za harusi, barua za kuomba kazi, mitihani ya majaribio ya shule, katiba za vikundi vya wafuga kuku. Haraka kuliko mimi niliyesoma kozi.

Kwa mtu wa namna hiyo, mahali pa kitu ndilo jina lake. Ukikihamisha umekifuta.

Sasa utasema: si wangeiweka tu kwa Kiswahili, yaishe? Waliiweka. Na watu wengi wa rika la sasa hawajui kwamba tulikuwa na kompyuta ya Kiswahili miaka zaidi ya ishirini iliyopita. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kiliendesha mradi uliopewa jina la Kilinux, na Desemba 2004 wakatoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia na kufanyia mahesabu, bure, menyu zote Kiswahili. Mwaka huo huo Microsoft nao walitangaza kwamba Windows na Office zitapata Kiswahili, na baadaye kikaja kifurushi cha lugha cha Windows XP. Kile kifurushi kilikuwa kinavaa juu ya Windows ya Kiingereza kama koti. Kilitafsiri sehemu zinazotumika zaidi, kwingine ukigusa unakutana na Kiingereza chini yake.

Kule steshenari Jambo OpenOffice ililetwa na mwalimu mmoja mstaafu, kwenye CD aliyotoka nayo Dar. Mzee wa heshima, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Alitukusanya, akaifunga kwenye mashine ya kona, akaifungua. Edit imekuwa Hariri. Fundi cherehani aliyekuwa anasubiri fotokopi akasogea, akasoma, akauliza, "Mwalimu shikamoo. Hapo kwenye Hariri, ndiyo kitambaa?"

Mwalimu aliumia, uso ulionyesha. Lakini alijibu kwa utulivu kwamba neno moja linaweza kubeba mizigo miwili, na mhariri wa gazeti hauzi vitambaa. Akaja kijana wa chuo akasema haina haja, kazini watakuuliza kwa Kiingereza, ukienda kwenye usaili ukasema "nakili na bandika" watakucheka. Mwalimu akasema, "Watakaokucheka ni nani? Wazungu au Watanzania?" Kijana akakaa kimya. Mimi nilikuwa upande wa kijana siku ile. Leo nadhani mwalimu aliuliza swali zuri kuliko jibu lolote lililotolewa.

Dada alipoulizwa yeye anataka ipi, alisema hivi: "Mimi lugha yoyote, ila kila kitu kikae palepale." Na kwenye Jambo OpenOffice vitu havikukaa palepale pa Word, kwa sababu ni programu nyingine kabisa. Ile mashine ya kona ikabaki ya mwalimu peke yake.

Watu wengi husema Kiswahili cha kompyuta kilishindwa kwa sababu maneno yalikuwa magumu. Wanatoa mfano wa tarakilishi, wanacheka, wanamaliza. Mimi sikubaliani. Kilichokwamisha ni kwamba kilikuja kuwabadilishia watu kitu walichokuwa wameshakishika mkononi. Linganisha na neno kishikwambi. Lilipotoka watu walilicheka vibaya mno. Ikaja sensa ya Agosti 2022, makarani wakagawiwa vishikwambi, redio inasema vishikwambi, baada ya sensa walimu wakapewa vishikwambi. Leo mama wa Kiomboi anakwambia mwalimu kasahau kishikwambi chake na hacheki mtu. Neno lilifika siku moja na kitu chenyewe. Hata M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 ilikuja na menyu ya Kiswahili tangu mwanzo, ndiyo maana hakuna aliyekaa kujadili kama "tuma pesa" ni Kiswahili kigumu.

Turudi kwenye vitufe.

Mwaka 2007 Microsoft waliondoa menyu za Word wakaweka ule utepe mpana wa picha. Kelele zikawa nyingi, zikapita. Kwa upande wa Ubuntu, ile Linux iliyobeba jina la utu wa Kiafrika na iliyoanzishwa na tajiri wa Afrika Kusini, mwaka 2010 walihamisha vitufe vya kufungia dirisha kutoka kulia kwenda kushoto kwenye toleo lililokuwa linakaribia kutoka. Watumiaji wakaja juu, wakaandika malalamiko kurasa kwa kurasa, na mwanzilishi akawajibu kwamba mambo ya muundo hayaamuliwi kwa kura. Jina ubuntu, jibu hilo. Lakini kusema kweli alikuwa muwazi, wengine hufanya hivyohivyo bila kusema.

Halafu ikaja Windows 8, na hapa ndipo moto ulipowaka. Kabla haijatoka rasmi, toleo la majaribio la Februari 2012 lilikuwa limeondoa kabisa kitufe cha Start. Kona ya chini kushoto, tupu. Ukiwasha unakutana na skrini nzima ya vigae vya rangi. Walikuwa wanakimbizana na iPad, wanataka mfumo mmoja ufae kwa kompyuta ya mezani na kwa kishikwambi. Watumiaji waliojaribu wakaonya mapema, miezi mingi kabla. Majibu ya Microsoft yalikuwa ya takwimu: watu wamepunguza kutumia menyu ya Start, siku hizi wanabandika programu zao kwenye ule ukanda wa chini.

Sasa jiulize takwimu hizo zilitoka wapi. Zilitoka kwenye kompyuta za watu waliokubali taarifa zao zitumwe kupitia intaneti. Steshenari ya Ipembe yenye XP ya kunakiliwa, isiyo na intaneti, modemu ya kuazima siku ya kutazama matokeo ya kidato cha nne, hiyo haikuhesabiwa. Dada aliingia kwenye ile kona mara mia kwa siku kwa miaka minane na hakuwa hata nukta kwenye ule mchoro.

Ikatoka Oktoba 26, 2012, bila kitufe. Na Aprili 8, 2014, XP ikaachwa rasmi.

Hapo ndipo ninapoingia mimi, na sijisifu. Nilikuwa kijana ninayejiita fundi, nimeshiba maneno ya mtandaoni kwamba XP imekufa na anayeibaki nayo ni wa kale. Tajiri wa steshenari aliniamini. Jumapili moja nikaingia na CD zangu. Mashine mbili kati ya tatu zilikubali Windows 8, nikaziwekea, nikafurahi na vile vigae vya rangi, nikafunga mlango nikaenda kutazama mpira. Dada sikumwambia. Sikuona kama ni jambo la kumwambia, nilidhani nampelekea zawadi.

Jumatatu asubuhi alikuja kijana kutoka Ikungi. Ana barua ya maombi ya kazi imeandikwa kwa mkono, inatakiwa itaipiwe, iprintiwe, ipelekwe Dodoma na basi la saa nne, mwisho wa kupokea ni siku hiyohiyo. Dada akawasha mashine. Vigae. Akapeleka mkono kwenye kona kama miaka yote. Hakuna kitu. Akabonyeza, akatokea kwenye hali ya hewa ya mji asioujua. Akarudi, akapotea tena. Foleni ikarefuka. Mashine ya tatu, ile iliyokataa, ilikuwa inatumiwa na mtu mwingine na risala ndefu.

Nilipofika saa tatu na nusu nilimkuta amechomoa waya ukutani, kwa sababu hata pa kuzimia hakupaona. Pa kuzimia palikuwa pamefichwa upande wa kulia, mpaka upeleke kipanya pembeni ukanda utokee, uingie kwenye mipangilio, ndipo upate. Nani angejua? Tajiri alikuwa amesimama mlangoni, akamwuliza mbele ya wateja, "Kwani wewe kompyuta hujui?"

Miaka minane alikuwa ametaipu pale. Na mimi niliyefanya yote nilisimama na flashi yangu shingoni, nikakaa kimya.

Kijana wa Ikungi alikwenda steshenari nyingine, akakuta foleni, basi likaondoka. Bahasha ilifika Dodoma kesho yake. Haikupokelewa. Niliyajua hayo kwa sababu alirudi wiki iliyofuata na barua nyingine, akapita mbele yangu kama hanioni, akaenda moja kwa moja kwa dada.

Jioni ile ya Jumatatu, watu walipoisha, dada aliniita. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mdogo wangu, umehamisha mafiga usiku nimelala. Asubuhi ningesonga ugali wapi?"

Nikamwambia samahani dada. Usiku uleule nikarudisha XP kwenye mashine zote mbili, usalama tutautafuta mbele ya safari. Kesho yake nilimweleza tajiri kwamba kosa ni langu. Akasema sawa, lakini maneno yake ya jana hakuyarudisha.

Kumbe hata wenyewe Marekani walikuwa wameshaanza kurudi nyuma. Oktoba 2013 walikuwa wametoa 8.1 na kitufe kimerudi kwenye kona, ingawa ukikibonyeza kinakupeleka kwenye vigae vilevile, yaani umerudishiwa mlango bila chumba. Menyu yenyewe ilirudi kwenye Windows 10, Julai 29, 2015. Miaka karibu mitatu ya kubishana dunia nzima, watu wakitengeneza programu zao wenyewe za kuirudisha Start, na wengine wakiziuza na zikanunuliwa.

Kuna wanaosema watu huwa wanalalamika tu, baadaye wanazoea, kwa hiyo kelele zao zisitiliwe maanani. Kuna ukweli humo: ule utepe wa Word leo hakuna anayeulilia, na dada mwenyewe anautumia vizuri. Lakini kuzoea kuna gharama, na anayelipa siyo anayebadilisha. Mhandisi anabadilisha akiwa kwenye mshahara. Dada anazoea foleni ikiwa mlangoni, kila ukurasa ambao haukutoka ni ugali wa mtu. Yeye na mhandisi yule hawajawahi kukaa benchi moja, ndiyo maana kila miaka michache tunaanza upya.

Dada siku hizi ana steshenari yake mwenyewe, ndiyo hiyo ya Ipembe niliyokuwa nimekaa. Mashine nne, printa mbili, na binti wawili anaowafundisha kwa mtindo uleule: kona ya chini, panda juu, ya tatu. Wale jamaa wawili walipomaliza ubishi wao na kuondoka, akanipa karatasi zangu, akaniuliza kama hiyo 11 inawezekana kwenye mashine zake. Nikamwambia tatu zinaweza, moja ni ya zamani mno. Nikamweleza kwamba Start ya katikati inarudishwa kushoto, ni mpangilio tu, dakika moja.

"Utakuja lini?"

Nikasema Jumapili nina nafasi.

"Jumapili hapana," akasema. "Njoo siku ya kazi, jioni, nikiwepo na hawa mabinti. Kiti chako nitakiweka hapa pembeni, kipanya nitashika mimi."